Ushirika wa Maziwa wa Amul: Maswali Ambayo Wafugaji Huuliza Mara kwa Mara

Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Afrika Mashariki hulisikia sana jina la Amul kwenye semina na mikutano ya ushirika, lakini mara nyingi husimuliwa mafanikio tu bila kuelezwa namna kazi inavyoendeshwa kuanzia zizini hadi dukani. Majibu yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya mwanachama, mjumbe wa bodi au meneja anayetaka kuielewa biashara yenyewe.

Amul ni nini, na mwenye mali ni nani?

Amul ni jina la biashara linalobandikwa kwenye maziwa, siagi, samli, jibini, aiskrimu na maziwa ya unga kutoka jimbo la Gujarat, magharibi mwa India. Jina hilo linahusishwa na muungano wa maziwa wa mji wa Anand, na pia linakaribiana na neno la Kisanskriti "amulya", yaani kitu chenye thamani isiyopimika. Bidhaa hizo huuzwa na shirikisho lililoanzishwa mwaka 1973. Wenye shirikisho ni vyama vikuu vya wilaya, wenye vyama vikuu ni vyama vya msingi vya vijiji, na wenye vyama vya msingi ni wafugaji. Wafugaji hao leo ni takriban milioni 3.6 katika vijiji zaidi ya 18,000, na wengi wao hawana mifugo mingi. Wana mnyama mmoja, wawili au watatu wa kukamua. Katika mwaka wa fedha 2023/24 shirikisho liliuza bidhaa za zaidi ya rupia bilioni 590. Hakuna mwekezaji wa nje anayesubiri gawio lake mwisho wa mwaka, na ukilishika jambo hilo utaelewa mengi ya yanayofuata, hasa kuhusu bei.

Ushirika huu ulianzaje?

Katika miaka ya 1940 wafugaji wa wilaya ya Kaira walimtegemea mnunuzi mmoja mkubwa, kampuni ya Polson, iliyokuwa na kiwanda mjini Anand. Mwaka 1945 serikali ya Bombay ilianzisha mpango wa kulipelekea jiji la Bombay, Mumbai ya leo, maziwa kutoka Anand, safari ya zaidi ya kilomita 400, na kazi ya kuyakusanya ikapewa Polson. Vijijini bei ilipangwa na mawakala, naye mfugaji alipokea alichopewa, kwa kuwa maziwa yakishakamuliwa hayamngoji mtu.

Wafugaji walimwendea Sardar Vallabhbhai Patel, mmoja wa viongozi wakuu wa harakati za uhuru wa India, naye akawashauri waunde ushirika wao na wadai kuuza maziwa moja kwa moja. Wakikataliwa, wasiuze kabisa. Tarehe 4 Januari 1946 mkutano uliofanyika katika kijiji cha Samarkha, ukiongozwa na Morarji Desai, mwanasiasa ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa India, ulikubaliana hivyo. Serikali ilikataa, na kwa siku 15 maziwa ya Kaira hayakufika Bombay. Mwishowe maofisa walikuja Anand, wakaiona hali, wakakubali. Chama kikuu cha wilaya kiliandikishwa tarehe 14 Desemba 1946 chini ya uenyekiti wa Tribhuvandas Patel, kikiwa na vyama viwili tu vya vijiji na lita 247 za maziwa kwa siku.

Ninawaomba wasomaji wazipime siku hizo 15 kwa macho ya mfugaji. Mnyama hukamuliwa asubuhi na jioni, mgomo uwepo au usiwepo, na kila ndoo isiyouzwa ni hasara inayoonekana. Familia zilizokuwa na mnyama mmoja au wawili ziliibeba hasara hiyo pamoja, kijiji kwa kijiji, kabla ushirika haujawa na mtambo hata mmoja.

Kwa nini kuna ngazi tatu badala ya chama kimoja kikubwa?

Kila ngazi ina kazi ambayo nyingine haiwezi kuifanya vizuri. Chama cha kijiji hupokea maziwa, huyapima na kumlipa mfugaji, kazi inayohitaji mtu anayefahamika na kuaminika pale kijijini. Chama kikuu cha wilaya kina kiwanda na malori ya tangi, na hutoa huduma za mifugo ambazo kijiji kimoja hakiwezi kuzigharimia: madaktari, chanjo, uhimilishaji na chakula cha mifugo kinachosagwa katika kiwanda cha ushirika wenyewe. Shirikisho la jimbo hutafuta soko, hulinda jina, na huamua kiwanda kipi kitengeneze nini.

Ngazi ya tatu ilitokana na hatari iliyokuwa ikionekana wazi. Wilaya nyingine za Gujarat zilipofuata mfano wa Kaira, vyama vikuu vingeanza kugombania wateja walewale na kushushiana bei, na hatimaye wafugaji ndio wangeumia. Kwa hiyo mwaka 1973 vyama vikuu sita vilikubaliana kuuza kwa mkono mmoja. Leo vimefika 18.

Maziwa husafirije kutoka kwa mfugaji hadi kwa mlaji?

Safari huanza mara mbili kwa siku, alfajiri na jioni. Mfugaji, mara nyingi mama wa nyumba, hukamua, huchuja, kisha hutembea na chombo chake cha chuma hadi kituo cha chama, ambacho katika vijiji vingi hakiko mbali na nyumba. Foleni ni moja. Mwenye lita mbili husimama nyuma ya mwenye lita ishirini, na anayefika mwanzo huhudumiwa mwanzo, bila kujali ukoo wala tabaka. Katika kijiji cha India jambo hilo si dogo.

Akifika mezani, maziwa humiminwa kwenye mzani wa kielektroniki, na kijiko kidogo cha sampuli hutiwa kwenye mashine inayosoma kiwango cha mafuta kwa muda mfupi sana. Namba huonekana kwenye kioo mbele ya mfugaji mwenyewe. Mashine huchapa karatasi yenye uzito, mafuta na kiasi cha fedha anachodai, naye huondoka nayo mkononi. Zamani kipimo hiki kilifanywa kwa tindikali na chupa maalumu, majibu yakachukua muda mrefu, na penye muda mrefu ndipo shaka huingia. Mashine hizi za vijijini zilianza kuenea kuanzia miaka ya 1990.

Maziwa yanapotoka kiweleni huwa na joto la mwili wa mnyama, na katika joto hilo bakteria huongezeka upesi. Ndiyo maana vyama vingi sasa vina tangi la kupozea linaloyashusha hadi karibu nyuzi 4 za Selsiasi palepale kijijini. Lori la tangi lililokingwa dhidi ya joto huzunguka kwa njia na saa zilizopangwa, likivuta maziwa ya kijiji kimoja baada ya kingine. Kiwandani maziwa hupimwa tena kabla ya kupokelewa, na hapo hesabu ya kijiji hulinganishwa na hesabu ya kiwanda. Karani aliyeandika mafuta zaidi ya yaliyokuwemo hukiacha chama chake na pengo la kulipa, kwa hiyo chama kizima kina sababu ya kumtaka apime kwa haki.

Kutoka kiwandani bidhaa hupita njia nne tofauti. Maziwa ya pakiti huuzwa siku hiyohiyo. Siagi na jibini huhitaji ubaridi. Aiskrimu huhitaji kugandishwa. Na maziwa ya unga, samli na maziwa ya muda mrefu husafiri bila kupozwa. Shirikisho limejenga mtandao wa maghala na wasambazaji kwa kila njia, kwa sababu gari la aiskrimu na gari la unga hayafanyi kazi moja.

Bei anayolipwa mfugaji hupangwaje?

Hulipwa kwa ubora, hasa kiasi cha mafuta na cha virutubisho vingine vikavu vilivyomo, wala si kwa lita peke yake. Tuchukue mfano. Nyati wa kufugwa, ambaye ni maarufu sana Gujarat, hutoa maziwa yenye mafuta karibu asilimia 7, ilhali maziwa ya ng'ombe wengi huwa na asilimia 4 hivi. Kilo kumi za maziwa ya nyati huyo zina mafuta kama gramu 700, na kilo kumi za ng'ombe zina kama gramu 400. Wakilipwa sawa kwa lita, mwenye nyati ataona heri ayaongeze maji. Wakilipwa kwa mafuta, maji hayamwongezei senti, na tamaa ya kuchakachua hupungua yenyewe. Virutubisho vikavu navyo huhesabiwa ili mwenye ng'ombe asidhulumiwe, kwa kuwa maziwa yake yana mafuta machache lakini lishe yake nyingine inathaminika kiwandani.

Zaidi ya malipo ya kila mara, kuna malipo ya mwisho wa mwaka. Chama kikuu kikifunga hesabu na kubaki na ziada, sehemu yake hurudi vijijini kama tofauti ya bei, nacho chama cha kijiji hugawa kwa kila mwanachama kulingana na maziwa aliyoleta. Aliyeleta mengi hupata mengi. Hisa alizonunua hazimpi nguvu ya ziada, kwa sababu kwenye mkutano kila mwanachama ana kura moja.

Msimu wa maziwa mengi ukifika, ushirika hufanya nini?

Swali hili ndilo ninaloliona kuwa kiini cha mambo yote, na ningependa kila bodi ya ushirika wa maziwa ilijadili kabla ya lingine lolote. Mkakati wa ushirika wa maziwa hujulikana kwa namna unavyoyashughulikia maziwa ambayo siku hiyo hayana mnunuzi.

Katika Kaira ya wakati ule, nyati walitoa majira ya baridi zaidi ya maradufu ya maziwa ya kiangazi. Bombay ilihitaji kiasi kilekile mwaka mzima, kwa hiyo kila majira ya baridi maziwa ya ziada yalikosa pa kwenda. Mfugaji anayeambiwa "leo usilete" hujifunza somo moja: atamweka wakala wa pembeni kama akiba, na siku maziwa yatakapoadimika atamuuzia huyo. Ushirika huvunjika hivyo, bila kelele, mwanachama mmoja baada ya mwingine.

Jibu lilikuwa kugeuza ziada kuwa unga na siagi, vitu vinavyokaa. Ugumu ni kwamba wataalamu wengi wa nchi zilizoendelea kwa ng'ombe walishikilia kuwa maziwa ya nyati, kwa wingi wa mafuta yake, hayawezi kukaushwa kuwa unga. H. M. Dalaya, mtaalamu wa maziwa aliyefanya kazi Anand, alionyesha kuwa yanaweza. Kwa msaada wa UNICEF na wa New Zealand kiwanda kilijengwa, na Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru alikifungua mwezi Oktoba 1955. Tangu hapo ushirika uliweza kumwambia mfugaji: lete yote, kila siku, na utalipwa. Majira ya uhaba yakifika, unga na mafuta ya siagi yaliyohifadhiwa huchanganywa upya na kuwa maziwa, na jiji halikosi.

Ahadi ya kupokea kila lita ina gharama kubwa. Mitambo ya kukaushia hufanya kazi sana miezi michache na kupumzika miezi mingine, na unga unaolala ghalani ni fedha zilizofungwa. Bei ya unga duniani nayo hupanda na kushuka. Ndiyo sababu bidhaa nyingi ziliongezwa baadaye, jibini, maziwa ya kopo, aiskrimu kuanzia 1996 na nyinginezo: kila moja ni mlango wa ziada ambao mafuta na virutubisho vinaweza kupitia kwa faida zaidi kuliko unga.

Kwa nini bidhaa za Amul huuzwa kwa bei nafuu, wakati jina lake lingeweza kudai zaidi?

Kwa sababu wenye mali wanataka soko la maziwa mengi. Kampuni ya wawekezaji inaweza kuuza kidogo kwa bei ya juu ikaridhika, lakini ushirika ulioahidi kupokea kila lita unahitaji walaji wengi, wakiwemo wa kipato cha chini wanaonunua pakiti ndogo. Shirikisho hueleza kwamba katika kila rupia ya mlaji karibu asilimia 80 humfikia mfugaji. Ili hilo liwezekane, gharama za katikati hubanwa sana: jina moja hutumika kwa karibu kila bidhaa, kwa hiyo tangazo moja huzisaidia zote, na fedha za matangazo huwekwa karibu asilimia 1 ya mauzo.

Mtaji wa kuendesha biashara ya kila siku hutoka wapi?

Kwa sehemu kubwa hutokana na mpangilio wa malipo. Wasambazaji hulipa kabla ya kuchukua bidhaa, na mzigo haupandishwi kwenye gari kwa mali kauli. Fedha zinazoingia mapema ndizo zinazowalipa wafugaji kwa wakati. Ushirika unaokopesha wenye maduka kwa siku sitini huku ukiwaahidi wafugaji malipo ya kila wiki utajikuta unakopa benki ili uzibe pengo ulilolichimba wenyewe.

Nani huendesha: wafugaji au wataalamu?

Wote, lakini kila mmoja mahali pake. Wafugaji huchagua kamati za vijiji, na kutoka huko hupatikana bodi za vyama vikuu na ya shirikisho. Bodi huajiri wataalamu na kuwapa uhuru wa kufanya kazi. Verghese Kurien, mhandisi kutoka Kerala aliyesomeshwa Marekani, alifika Anand mwaka 1949 kutumikia mkataba wa serikali, akidhani atakaa muda mfupi. Tribhuvandas Patel alimshawishi abaki. Mwenyekiti aliwakabili wanasiasa na kuwatuliza wanachama. Meneja alishughulikia mitambo, hesabu na soko. Heshima kati ya watu hao wawili imezungumzwa kidogo kuliko inavyostahili. Hata hivyo uhusiano wa bodi na mtaalamu si wa milele: mwaka 2006 Kurien mwenyewe alijiuzulu uongozi wa shirikisho baada ya kutofautiana na vyama wanachama.

Serikali ilichangia nini?

Ilichangia mengi, na ni vizuri kulisema wazi. Mwezi Oktoba 1964 Waziri Mkuu Lal Bahadur Shastri alikuja kufungua kiwanda cha chakula cha mifugo, akalala usiku mmoja katika kijiji cha Ajarpura ili azungumze na wafugaji. Mwaka uliofuata bodi ya taifa ya maendeleo ya maziwa iliundwa, makao yakiwa Anand badala ya Delhi. Kuanzia 1970 hadi 1996 bodi hiyo iliendesha mpango uliojulikana kama Mafuriko ya Maziwa. Unga na mafuta ya siagi vilivyotolewa bure na Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya vilichanganywa kuwa maziwa na kuuzwa mijini kwa bei ya kawaida, na fedha zilizopatikana zikajenga vyama, viwanda na njia za maziwa vijijini. Msaada uleule ukigawiwa bure ungemuua mfugaji wa ndani kwa kushusha bei yake.

Je, wanawake wanafaidika?

Kazi ya kulisha, kukamua na kupeleka maziwa hufanywa kwa kiasi kikubwa na wanawake, lakini kwa muda mrefu daftari la uanachama liliandikwa jina la mume. Vyama vya wanawake watupu vimeanzishwa, na malipo yanayoingia kwenye akaunti ya mwanachama mwenyewe yamesaidia pale ambapo mwanachama ni yeye. Kazi hii haijaisha.

Mtindo huu unakumbana na matatizo gani leo?

Ukubwa umeleta mgongano na vyama vingine vya wafugaji. Mwaka 2023 tangazo la kuuza maziwa ya Amul katika jiji la Bengaluru lilizua upinzani mkali Karnataka, ambako wafugaji wana ushirika wao wenye jina la Nandini, na mwaka huohuo waziri mkuu wa jimbo la Tamil Nadu alipinga Amul kukusanya maziwa katika jimbo lake. Kwa maoni yangu hofu hiyo ina msingi: ushirika mmoja ukiwanyang'anya wafugaji wa ushirika mwingine soko lao, sababu iliyofanya vyama vya Gujarat viungane mwaka 1973 inarudi kwa sura nyingine. Tena bodi zenye fedha nyingi huwavutia wanasiasa, na uchaguzi wa vyama vikuu mara nyingi hufuata mistari ya vyama vya siasa.

Je, mfumo huu unaweza kufuatwa Kenya au Tanzania?

Sehemu zake zinaweza, na nyingine tayari zipo. Ushirika wa wafugaji wa Githunguri, katika Kaunti ya Kiambu, ulianza mwaka 1961, na mwaka 2004 ukajenga kiwanda chake na kuanza kuuza kwa jina la Fresha badala ya kubaki muuzaji wa maziwa mabichi kwa viwanda vya wengine. Lakini ziko tofauti za kuzingatia. Kwetu maziwa mengi huuzwa mabichi na wachuuzi, kwa fedha taslimu, kwa bei ambayo kiwanda hakiimudu kirahisi. Barabara za vijijini hukatika wakati wa mvua, na mvua ndiyo hiyo hiyo inayoleta majani na maziwa tele.

Chama chetu ni kidogo na kina tangi moja la kupozea. Tuanzie wapi?

Anzeni na mzani na kipimo cha mafuta ambacho kila mwanachama anaweza kukisoma kwa macho yake, pamoja na karatasi anayoondoka nayo. Kisha fungueni daftari la maziwa yaliyokataliwa au kukosa mnunuzi: tarehe, lita, sababu, na jina la aliyerudi nayo nyumbani. Baada ya masika mawili daftari hilo litawaonyesha ziada yenu ni kubwa kiasi gani na hudumu wiki ngapi, na kutokana na namba hizo mtajua kama mnahitaji mtambo wa mtindi, tangi la pili, au mkataba na chama jirani chenye kiwanda. Lipeni kwa tarehe iliyotangazwa, hata kama kiasi ni kidogo, na msikopeshe duka lolote bidhaa kabla ya wafugaji wa mwezi uliopita hawajamaliza kulipwa.